Gemu ndefu si lazima iwe nafuu

Kila bei ya gemu mpya inapopanda, mabishano huanza upya na hesabu ileile hutolewa. Tiketi ya sinema hukupa saa mbili. Gemu ya dola 70 huchezwa kwa saa 70. Kwa hiyo saa moja ya gemu ni dola moja tu, na hakuna burudani iliyo nafuu kama hiyo. Hesabu hii inapendwa kwa sababu haimdai mtu ajue lolote kuhusu gemu yenyewe. Gawanya bei kwa saa, jibu limepatikana, mjadala umefungwa.

Naona hesabu hiyo imewekwa kichwa chini miguu juu. Saa si kitu unachokabidhiwa ukishalipa. Zilikuwa zako kabla ya kununua, na wewe ndiye unayezitoa. Mnunuzi wa gemu hulipa mara mbili: fedha siku anaponunua, kisha muda kila anapoketi kucheza. Gemu inayokula saa 70 imemtoza zaidi kuliko ile inayokula saa sita, na linalobaki kuulizwa ni kama alichokipata ndani ya saa hizo kililingana na malipo yote mawili. Mtu akianzia hapo, maneno mengi tuliyozoea kuyasikia kuhusu bei za gemu hubadilika maana, hasa yale yanayohusu gemu za bure.

Tuanze na fedha, kwa kuwa ndizo zenye kelele. Bei za Marekani ndizo zinazonukuliwa sana katika mabishano haya, basi nami nitazitumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gemu za nyumbani ziliuzwa ndani ya kartriji, na kila kartriji ilibeba chipu za kumbukumbu zenye gharama yake kiwandani. Gemu kadhaa za mashine ya Super Nintendo ziliuzwa kwa dola 70 au zaidi. Sony ilipoingia sokoni na mashine yake ya PlayStation mwaka 1994, ilitumia diski, ambazo kuzizalisha ni gharama ndogo mno, na gemu nyingi zikashuka hadi dola 40 na 50. Kuanzia kizazi cha mashine ya Xbox 360, mwaka 2005, dola 60 ikawa bei ya kawaida ya gemu kubwa, ikakaa hapo kwa takriban miaka 15. Mwaka 2020 ikaja dola 70, na mwaka 2025 Nintendo ikatoa Mario Kart World kwa dola 80.

Ukizingatia mfumuko wa bei, dola 60 za mwaka 2006 ni zaidi ya dola 90 za leo. Kwa hiyo wanaosema kwamba gemu kubwa zimekuwa zikishuka bei kimyakimya hawasemi uongo. Lakini hesabu yao inaacha mambo mawili nje. La kwanza ni kwamba kile kinachouzwa kwa bei ya kawaida kimekuwa kikimegwa. Sura za nyongeza huuzwa kando, mavazi ya wahusika huuzwa kando, na siku hizi hata haki ya kuanza kucheza siku chache kabla ya wengine huuzwa ndani ya toleo la kifahari. Anayetaka vyote hafikii mwisho akiwa ametoa dola 70. La pili ni ukubwa wa soko. Kunakili gemu kwenye intaneti karibu hakugharimu kitu, na wanunuzi wameongezeka kuliko ilivyowahi kufikiriwa enzi za kartriji: Grand Theft Auto V, iliyotoka mwaka 2013, imeuza zaidi ya nakala milioni 200. Kampuni inayouza kwa kiasi hicho haihitaji bei ipande sambamba na mfumuko ili ipate faida.

Kuna pia hoja ya gharama za utengenezaji. Ni kweli zimepaa: nyaraka zilizovuja mwaka 2023 zilionyesha kwamba Marvel's Spider-Man 2 iligharimu takriban dola milioni 300. Hata hivyo, fedha alizotumia mtengenezaji hazimwambii mnunuzi lolote kuhusu anachokipata. Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, aliyeifanyia kazi zaidi ya miaka minne kabla ya kuitoa mwaka 2016 kwa dola 15. Tangu hapo ameiongezea mambo mengi bila kumtoza aliyekwisha kununua hata senti, na nakala zaidi ya milioni 40 zimeuzwa. Nani atasema gemu hiyo ina thamani ndogo kwa kuwa mishahara iliyolipwa kuitengeneza ilikuwa michache?

Sasa tuje kwenye muda.

Mwaka 2018 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed Odyssey, gemu ya mchezaji mmoja inayoweza kumaliza saa mia moja za mtu kwa urahisi. Mhusika wako huongezeka kiwango kadiri unavyofanya kazi ndogondogo, na bila kufikia kiwango fulani hadithi haisogei. Katika duka lililo ndani ya gemu hiyohiyo, kwa takriban dola 10, kampuni iliuza kichocheo cha kudumu kinachokufanya upande viwango haraka zaidi kwa asilimia 50. Tafakari kilichokuwa kikiuzwa hapo. Mchezaji aliyekwisha lipia gemu nzima alikuwa akiombwa alipe tena ili gemu impungukie. Sidhani kama kuna ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba watengenezaji wenyewe wanajua muda ni gharama. Kama kila saa ya ziada ingekuwa zawadi kwa mnunuzi, nani angenunua dawa ya kuipunguza?

Gemu ndefu zina saa za aina nyingi, na ndiyo maana jumla yake haisemi kitu. Kuna saa ambamo gemu inakudai jambo jipya: fumbo ambalo hujawahi kulikuta, adui anayekulazimisha uache mazoea, uamuzi katika hadithi unaobaki nao hata mashine ikizimwa. Kuna saa za kutembea kutoka kona moja ya ramani hadi nyingine, kuokota vitu 20 vinavyofanana, kupigana na kundi lilelile la maadui kwa mara ya arobaini ili namba fulani ipande. Hizi za pili ni rahisi kuzitengeneza. Ramani ikishachorwa, kuijaza alama za kufuata ni kazi nyepesi kuliko kubuni hata dakika kumi za jambo lisilosahaulika. Wauzaji wanapotangaza kwa fahari kwamba gemu yao ina saa zaidi ya mia, hawatuambii ni ngapi kati ya hizo ni za aina ya kwanza.

Upande mwingine iko Portal ya mwaka 2007, inayomalizika kwa saa tatu au nne. Kila chumba kinakufundisha kanuni moja, kinakuacha uielewe, kisha chumba kinachofuata kinaivunja au kuipanua. Hakuna kinachorudiwa kwa ajili ya kujaza nafasi. Journey ya mwaka 2012 ni fupi zaidi, saa mbili hivi, na iliuzwa dola 15. Kwa hesabu ya kugawanya, hiyo ni zaidi ya dola saba kwa saa, ghali mno kuliko gemu nyingi mbaya. Mimi naiweka miongoni mwa ununuzi bora ambao mpenzi wa gemu anaweza kufanya, maana haikupotezei hata dakika moja.

Simaanishi kwamba fupi ni bora daima. Kuna gemu zinazostahili mamia ya saa kwa sababu kila mchezo unamkuta mchezaji akiwa amejua zaidi. Balatro ya mwaka 2024, iliyojengwa juu ya karata za poka, ni mfano mzuri. Chesi na Tetris ni mifano ya zamani. Katika gemu kama hizo urefu unatokana na mchezaji kutaka kuendelea, wala hakuna hadithi iliyofungiwa mbele ili kumvuta. Kipimo ninachokiamini ni hiki: ukiambiwa kwamba unaweza kuruka sehemu unayoicheza sasa na kupata zawadi yake bila jasho, je, utakubali? Jibu likiwa ndiyo mara kwa mara, gemu hiyo ni ghali hata kama uliipata kwa punguzo.

Ibada ya urefu ina madhara yake kwa watengenezaji pia. Tangu Juni 2015 Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, humrejeshea mnunuzi fedha zake ikiwa hajapitisha siku 14 wala hajacheza saa mbili. Ni kanuni nzuri, na imewaokoa wengi kutoka kwenye gemu zisizofanya kazi. Lakini gemu inayomalizika kwa dakika 90 inaweza kuchezwa yote, kufurahiwa, kisha kurudishwa. Agosti 2021 mtengenezaji mdogo anayejulikana kwa jina la Emika Games alitangaza kuacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana baada ya gemu yake fupi ya kutisha, Summer of '58, kurudishwa na watu wengi, wakiwemo walioisifu. Kanuni ikipima thamani kwa saa, humwelekeza mtengenezaji aongeze saa, na tunazozipata mara nyingi ni zile za kuokota vitu 20.

Jambo jingine ambalo kugawanya hakulioni ni kwamba wachezaji hawalingani. Mwanafunzi aliye likizo ana muda tele na fedha kidogo. Mzazi anayefanya kazi mchana kutwa ana fedha kiasi, lakini jioni zake za kucheza ni mbili kwa wiki, tena nusu ya kila jioni. Gemu ya saa mia ni nafuu kwa yule wa kwanza na ghali sana kwa wa pili, ingawa wamelipa bei moja. Mzazi huyo atasahau hadithi kabla ya kufika katikati, atasahau hata vitufe. Mhakiki anayesema gemu fulani "ina thamani ya kila senti" anasema kweli kuhusu maisha yake mwenyewe. Kabla ya kumsikiliza, inafaa kujua unafanana naye kiasi gani.

Hapa ndipo gemu za bure zinapoingia, na ni hapa ambapo mtazamo wa malipo mawili unafaa zaidi. League of Legends ilitoka mwaka 2009 na Fortnite ikaja na mtindo wake wa wachezaji mia mwaka 2017, zote bila kiingilio. Katika kesi ya Epic, kampuni yenye Fortnite, dhidi ya Apple, nyaraka za mahakamani zilionyesha mwaka 2021 kwamba Fortnite iliingiza zaidi ya dola bilioni tisa katika miaka miwili ya 2018 na 2019. Fedha hizo zilitoka wapi, ikiwa mlango uko wazi?

Katika gemu za namna hii wengi hawalipi chochote au hulipa kidogo sana, na wachache hulipa kwa wingi. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba wale wengi wamepata burudani ya dezo, na kwa upande wa fedha ni kweli. Lakini wao ni sehemu ya bidhaa. Vazi la kifahari la mhusika halina maana kwenye uwanja mtupu. Anayelinunua analipia macho ya watakaoliona, na mechi ya watu mia inawahitaji watu mia. Asiyelipa fedha analipa kwa kuwepo kwake, na ndiyo maana gemu hizi hufanya kila njia asikosekane: zawadi ya kila siku inayokatika ukiruka siku, pasi ya msimu yenye vitu vinavyopatikana ndani ya muda maalumu tu, tukio la mwishoni mwa wiki ambalo halitarudi. Ukiacha gemu ya kununua kwa mwezi mmoja, inakusubiri ilivyo. Ukiacha gemu ya bure kwa mwezi mmoja, unarudi ukiwa umepoteza kitu. Kumfanya mtu ahisi hasara kwa sababu ya kupumzika ni tozo halisi, hata kama haionekani kwenye taarifa ya benki.

Njia za kuchukua fedha nazo zimeundwa kwa ustadi. Unanunua kwanza sarafu za ndani ya gemu, ambazo huuzwa kwa mafungu yasiyolingana sawasawa na bei za vitu, hivyo daima kuna chenji inayobaki na kukuita urudi. Bei ikiandikwa kwa sarafu hizo, mtu hupoteza hisia ya kiasi anachotoa. Makasha ya bahati yalikwenda mbali zaidi, kwa sababu mnunuzi hajui hata atapata nini. Aprili 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kwamba makasha ya kulipia katika gemu kadhaa ni kamari isiyo halali. Na Desemba 2022, katika makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, Epic ilikubali kulipa dola milioni 245 kuwarejeshea watumiaji wa Fortnite, baada ya kulaumiwa kwamba mpangilio wa vitufe ulisababisha watu, wakiwemo watoto, kununua bila kukusudia.

Pamoja na hayo, siwezi kusema kwamba hakuna thamani humo. Wako marafiki waliotenganishwa na umbali na wanaokutana kila Ijumaa usiku ndani ya Fortnite, na kwao gemu ni baraza la mazungumzo. Muda huo wangeutafutia mahali pengine popote. Wanapoamua wenyewe waje lini na waondoke lini, wanapata kitu chema kwa bei ndogo. Tatizo huanza pale ambapo ratiba ya gemu ndiyo inayoamua.

Huduma za usajili zinaeleweka kwa hesabu fupi. Xbox Game Pass, ambayo kwa ada ya mwezi hukufungulia maktaba ya gemu, ilianza mwaka 2017 kwa dola 10. Oktoba 2025 daraja lake la juu, Ultimate, lilipanda kutoka dola 20 hadi dola 30, yaani dola 360 kwa mwaka. Kwa kiasi hicho mtu hununua gemu tano mpya za dola 70. Anayecheza gemu kubwa mpya zaidi ya tano kwa mwaka, au anayependa kuonja nyingi na kumaliza chache, anafaidika. Wengine wengi wanalipia rafu la vitabu wasivyovisoma. Daraja za chini ni nafuu zaidi, lakini gemu mpya za siku ya kwanza ndizo zilizowavutia watu, na kwenye mashine za Xbox hizo ziliwekwa katika daraja la juu.

Kuhusu wakati wa kununua, soko la gemu lina tabia ya ajabu: mara nyingi anayewahi hulipa zaidi na kupata kibovu zaidi. Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 kwa dola 60, ikiwa na hitilafu nyingi kwenye PlayStation 4 kiasi kwamba wiki moja baadaye Sony iliitoa kwenye duka lake, na haikurudi hadi Juni 2021. Aliyeinunua miaka mitatu baadaye aliikuta imerekebishwa sana na kwa bei ya chini. No Man's Sky ya mwaka 2016 ilifuata njia hiyohiyo, ikiongezewa bila malipo karibu kila kitu ambacho wanunuzi wa kwanza walilalamika kukikosa. Kwa gemu ya mchezaji mmoja, kungoja mwaka ni punguzo ambalo karibu kila mtu anaweza kulipata. Gemu za Nintendo ni tofauti kidogo, kwani kampuni hiyo hupunguza bei kwa nadra. Lakini kartriji zake huuzika tena kwa bei nzuri, na gemu ya dola 60 uliyoiuza kwa 40 imekugharimu 20. Nakala ya kupakua haina mlango huo.

Kungoja hakufai kwa gemu zinazohitaji umati, na huko hatari ni nyingine. Concord ya Sony ilitoka Agosti 2024 kwa dola 40, ikakosa wachezaji, ikafungwa tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu baadaye. Wanunuzi walirudishiwa fedha zao zote. Walionunua The Crew ya Ubisoft hawakuwa na bahati hiyo. Gemu hiyo ya magari, iliyotoka mwaka 2014, ilihitaji seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mtandaoni, hata kwa mtu anayecheza peke yake. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na baadaye leseni zikaondolewa kwenye akaunti za walionunua. Mtu aliyeendesha magari hayo kwa mamia ya saa, akikusanya moja baada ya jingine, alipoteza malipo yake yote mawili siku moja.

Tukio hilo lilizaa kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott mwaka 2024, ambayo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja mwaka 2025. Jimbo la California nalo lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2025, inayozuia maduka kutumia maneno kama "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja wazi kwamba anachopata ni leseni. Ni hatua, lakini haitoshi. Kwenye duka la GOG mteja hupakua faili la kusakinisha lisilo na kufuli, na akilihifadhi litafanya kazi hata duka lenyewe likifa. Kwenye maduka mengine, gemu ya bei hiyohiyo inaweza kuzimwa na mtu mwingine wakati wowote. Gemu inayotegemea seva ingepaswa kuandikwa kwenye ukurasa wake wa kuuzia, kando ya bei, kwamba kampuni inaahidi kuziendesha hadi mwaka gani.